Kurudia Mtihani kwa Sababu ya Lugha: Kikundi Kiulize Nini Kabla ya Kuchanga



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, vikundi vyetu hapa Shianda hupata maombi ya aina moja. Mzazi anasimama katika mkutano na kusema, "Mtoto wetu aliangushwa na lugha. Chuo kimemkataa. Tunaomba mtusaidie arudie." Watu wanaguna kwa huruma, mweka hazina anafungua daftari, na kabla chai haijapoa pesa zimeshaahidiwa. Somo la mwezi huu linahusu zile dakika chache kati ya ombi na ahadi.

Hatusemi kurudia mtihani ni vibaya. Wako watu wazima, akina mama wenye watoto watatu, waliorudi kukaa kwenye dawati wakapata walichokuwa wanatafuta. Lakini pia ziko pesa za vikundi zilizokwenda kulipia mtihani ambao haukuhitajika, na nyingine zilizolipia mtihani usiofaa, na nyingine zilizolipia mtihani sawasawa lakini mtahiniwa hakusoma hata ukurasa mmoja kwa sababu alikuwa analima shamba la kila mtu. Tuyatazame hayo moja moja, tukitumia mfano wa uuguzi, maana hiyo ndiyo kazi inayotajwa sana na mabinti wa hapa wanaoona wauguzi wa St. Mary's Mumias wakipita na sare zao.

MLANGO GANI UMEFUNGWA?

Swali la kwanza kumwuliza mwombaji si "ulipata ngapi?" Ni "chuo gani, kozi gani, na tangazo lao linasema nini?" Aje nalo kwenye karatasi. Kijana akisema "nimeskia wanataka C ya Kiingereza", mwambie kwa upole, "Mwanangu, kuskia hakutoshi, tuletee tusome."

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu ya neno dogo sana: AU. Katika matangazo ya KMTC ya miaka ya karibuni, diploma ya uuguzi imekuwa ikihitaji wastani wa C, pamoja na C katika Kiingereza AU Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Rudia kusoma: Kiingereza au Kiswahili. Si vyote viwili. Sasa fikiria binti aliyepata wastani wa C, Biolojia C, Kemia C-, Kiingereza D+ na Kiswahili C+. Nyumbani wanalia kwamba Kiingereza kimemharibia. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe. Kumbe kwa kozi hii binti huyo hana deni lolote la lugha! Kiswahili chake kimeshamfungulia. Anachohitaji ni fomu ya maombi.

Na hata pale ambapo lugha zote mbili ziko chini, hilo neno AU linakupa nafasi ya kuchagua. Watu wetu wengi hukimbilia Kiingereza kwa sababu wanaona ndiyo lugha ya wasomi. Lakini mtu aliyepata C- katika Kiswahili na D katika Kiingereza, kwa nini apande mlima mrefu wakati mfupi unafika pale pale? Hii ni hesabu ya kawaida kabisa, kama ya kuchagua njia ya kwenda soko la Mumias.

Zipo kozi nyingine zinazotaja Kiingereza peke yake, na za shahada zina masharti yake. Ndiyo maana tunasema tangazo lisomwe, na liwe la mwaka huu, si la mwaka ule dada yake alipoingia.

HESABU YA WASTANI

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu hupotea.

Katika KCSE kila gredi ina pointi. A ni 12, halafu unashuka moja moja: A- ni 11, B+ ni 10, mpaka E ambayo ni 1. C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3. Wastani hupigwa kwa masomo saba. Kwa kawaida jumla ya pointi 32 hadi 38 ni wastani wa C-, na 39 hadi 45 ni C.

Zamani katika yale masomo saba, Kiingereza, Kiswahili na Hisabati vilikuwa lazima vihesabiwe vyote, upende usipende. Halafu sayansi mbili, somo moja la jamii kama Historia au Dini, na moja jingine. Kuanzia mtihani wa 2023 utaratibu ulibadilishwa. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja ile uliyofanya vizuri zaidi (lugha ya ishara ya Kenya pia imo), na masomo matano mengine bora. Maana yake lugha moja ikianguka haikuvuti tena chini kama zamani.

Tuchukue binti wa mfano aliyefanya mtihani mwaka wa 2021. Alipata Hisabati D, Kiingereza C-, Kiswahili D+, Biolojia C, Kemia C-, Dini B-, Kilimo C+, na Biashara C. Kwa utaratibu wa wakati huo tunajumlisha 3 ya Hisabati, 5 ya Kiingereza, 4 ya Kiswahili, 6 ya Biolojia, 5 ya Kemia, 8 ya Dini na 7 ya Kilimo. Jumla ni 38. Wastani C-. Alikosa C kwa pointi moja tu, na Biashara yake ya C haikuhesabiwa popote.

Kwa utaratibu mpya, gredi zile zile zingetoa: Hisabati 3, Kiingereza 5, halafu Dini 8, Kilimo 7, Biolojia 6, Biashara 6, Kemia 5. Jumla 40, wastani C. Lakini asidanganywe na mtu, matokeo ya 2021 hayapigwi hesabu upya. Ili utaratibu mpya umsaidie, lazima akae tena chini afanye masomo yasiyopungua saba.

Sasa familia yake inakuja kwenye kikundi kuomba pesa ili arudie Kiingereza peke yake, aipandishe kutoka C- hadi C. Ni ombi la bei rahisi na kila mtu anataka kukubali. Lakini hebu angalia. Anayesajiliwa somo moja au mawili hupewa gredi za masomo hayo, hapewi wastani mpya. Binti huyu hata akipata A ya Kiingereza, wastani wake unabaki C- ya 2021, na mlango wa diploma ya uuguzi utabaki umefungwa. Pesa zitakuwa zimelipia mtihani mwema ambao haumfikishi popote.

Kwake yeye kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kurudia masomo yote manane, akiweka nguvu hasa kwenye lugha moja. Ya pili ni kuangalia ngazi ya cheti. Kozi ya cheti ya uuguzi, kwa matangazo yale yale ya KMTC, imekuwa ikihitaji wastani wa C-, C- ya Kiingereza au Kiswahili, C- ya Biolojia, na D+ katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Yote hayo anayo tayari! Akiona kozi hiyo inatangazwa aingie, afanye kazi, kisha apande hadi diploma akiwa na mshahara wake. Wako wauguzi wengi waliopanda hivyo, na si aibu hata kidogo.

Na nani basi anafaa kurudia lugha peke yake? Ni yule ambaye wastani wake unatosha na masomo mengine yote yanatosha, ila lugha ndiyo imepungua. Huyo kikundi kimsaidie bila kusitasita. Lakini hata kwake kuna swali moja la kuuliza chuo mapema, tena kwa barua: je, mnakubali matokeo ya miaka miwili yaunganishwe, au mnataka yote yawe katika cheti kimoja? Vyuo havifanani katika jambo hili. Jibu la barua lihifadhiwe na katibu.

KARATASI ZA LUGHA ZINAPIMA NINI

Ukimwuliza kijana aliyeanguka Kiingereza ni wapi aliangukia, atakwambia "ni ngumu tu." Hajui. Na asiyejua alipoangukia ataanguka pale pale.

Kiingereza kina karatasi tatu, jumla alama 200. Ya kwanza ina alama 60: kuandika kwa matumizi (barua, ilani, kumbukumbu na kadhalika) alama 20, kifungu chenye mapengo ya kujaza alama 10, na mambo ya mazungumzo na matamshi alama 30. Ya pili ina alama 80, na humo kuna ufahamu, dondoo la fasihi, shairi au simulizi, na sarufi. Ya tatu ina alama 60, nayo ni insha tatu, mbili kati yake zikitoka kwenye vitabu teule.

Kiswahili nacho ni 200. Insha 40. Karatasi ya lugha 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Halafu fasihi 80.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba sehemu kubwa si maneno magumu ya kukariri kutoka kwenye kamusi. Wengi hurudia mtihani kwa kununua kamusi na kujaza daftari na misamiati. Wanaingia chumbani na maneno mia tano mapya, na bado hawawezi kufupisha aya moja kwa idadi ya maneno iliyotajwa. Alama hizo 15 za ufupisho zinapatikana kwa mazoezi tu: soma aya, chukua hoja, acha mapambo, hesabu maneno. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki kwa miezi minane, uone.

Sehemu ya matamshi katika Kiingereza ina shida yake kwetu. Inapimwa kwa kuandika, lakini lazima sikio liwe linajua. Sisi Waluhya wengi tunachanganya b na p, d na t, g na k, na hatuoni tofauti mpaka tuonyeshwe. Mtahiniwa atafute mwalimu mmoja wa Kiingereza amsikilize nusu saa kwa wiki, amwambie ukweli. Nusu saa hiyo ni ya thamani kuliko kitabu kipya.

Katika Kiswahili adui wetu ni ule tunaouita Kiswahili cha sokoni. Kinatusaidia kuuza na kununua, na hata ukurasa huu unakichota kidogo, lakini karatasi ya mtihani haikitambui. Tunasema "kitabu yangu imepotea" badala ya "kitabu changu kimepotea." Tunaandika "mutu" na "mukono" kwa sababu lugha ya mama inatuvuta. Alama 40 za matumizi ya lugha ziko hapo hapo kwenye ngeli na upatanisho, na makosa yale yale hupunguza alama za insha pia. Mtu akirekebisha jambo hilo moja amegusa karatasi mbili kwa mkupuo.

KIKUNDI CHENYEWE NI DARASA

Hili ndilo tungependa mlizungumze sana, maana halina gharama.

Swali la kwanza katika karatasi ya insha ya Kiswahili ni la lazima, na ni insha ya uamilifu: barua rasmi, kumbukumbu, ripoti, hotuba, tahadhari, mahojiano. Alama 20 kati ya 40. Kiingereza nacho kina zake 20 za namna hiyo. Sasa kikundi chako kinafanya nini kila wiki mbili? Kinakaa kikao, kinaandika kumbukumbu, kinaandikia chifu barua, kinabandika ilani ya mkutano mkuu, kinamtumia afisa wa maendeleo ya jamii ripoti. Yaani kazi zile zile zinazotahiniwa.

Basi mwanakikundi anayejiandaa kurudia mtihani afanywe msaidizi wa katibu. Katibu atasema, "Mama, leo wewe ndiye utaandika." Naye atajibu kwa haya, "Katibu, mimi nitaharibu daftari la watu." Aandike kwenye karatasi ya kando kwanza. Waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa, ajenda, yatokanayo na kikao kilichopita, masuala mengineyo, kufunga mkutano, na mahali pa kutia sahihi. Mwalimu mstaafu aliye karibu asahihishe kwa kalamu nyekundu. Akiandika kumbukumbu za vikao ishirini, swali hilo likija kwenye mtihani atalisalimu kama jirani.

Wazee nao wana kazi. Katika fasihi kuna fasihi simulizi: vitendawili, methali, nyimbo, mivigha. Watoto wa shule hukariri maana za maneno haya bila kuona mfano hata mmoja, na huku nyumbani kuna kukhu anayejua nyimbo za harusi na za matanga kwa jioni nzima. Hapa Kakamega tuna Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtahiniwa akimhoji mzee kuhusu ngoma moja, ni nani hupiga, wakati gani, kwa nini, amepata mfano wa kuandika ambao hauko katika kitabu cha jirani yake.

Na kusoma? Tafuteni gazeti la Taifa Leo, hata la juzi lililofungia sukari. Asome taarifa moja kwa sauti, aifupishe. Kwa Kiingereza afanye vivyo hivyo na gazeti lolote. Dakika arobaini kila siku zinashinda saa saba za Jumapili.

Hapa ndipo tunagusa jambo ambalo vikundi havipendi kulisikia. Mtahiniwa wetu mara nyingi ni mama au binti mkubwa wa nyumba. Anaamka saa kumi na moja kukamua, anateka maji, anapalilia, anapika, anaosha vyombo, na saa nne za usiku tunamwambia "sasa soma." Mkimlipia ada na msimpe saa moja ya mchana, mmemnunulia jembe mkamfunga mikono. Kikundi kinachoweza kupeana kazi ya shamba kwa zamu kinaweza pia kumpa mwanakikundi siku mbili kwa wiki za kupumzika kazi hadi Novemba. Mume na mama mkwe waitwe waambiwe mbele ya watu, wakubali mbele ya watu.

VITABU VIMEBADILIKA

Kijana aliyefanya mtihani mwaka wa 2019 alisoma Kigogo na Chozi la Heri, na upande wa Kiingereza Blossoms of the Savannah. Akitoa vitabu hivyo kwenye sanduku na kuanza kuvisoma tena, atakuwa anajiandaa kwa mtihani uliopita. Baadaye vilikuja Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo, na kwa Kiingereza Fathers of Nations na The Samaritan. A Doll's House kiliendelea. Kabla ya kununua chochote, mtahiniwa apate orodha ya mwaka wake kutoka shule ya sekondari iliyo karibu. Vitabu hivi kikundi kivinunue kama mali ya kikundi, viandikwe mhuri, virudishwe. Mwaka ujao kuna mwingine atakayeomba.

PESA NA USAJILI

Usajili hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na ukifungwa umefungwa. Kwa hiyo maombi yanayokuja mwezi wa sita yanafaa kwa mwaka unaofuata. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ndiyo itakayoeleza vituo vinavyopokea watahiniwa wa kibinafsi na ada ya mwaka huo. Mtahiniwa wa aina hii hujilipia. Ule mpango wa serikali kuwalipia wanafunzi ada ya mtihani si wa wanaorudia. Aende na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na namba na mwaka wa mtihani wake wa kwanza. Anayerudia masomo yote akumbuke kwamba sayansi zina mtihani wa maabara, kwa hiyo kituo kisicho na maabara hakimfai, na kituo chenye maabara kinaweza kumdai pesa za vifaa.

Siku hizi pesa si nyingi. Kampuni ya Mumias Sugar ilipochukuliwa na wasimamizi wa mdai wake, benki ya KCB, mwaka wa 2019, nyumba nyingi hapa zilikuwa zimeshapoteza ile tegemeo la miwa. Ndiyo maana tunashauri yafuatayo. Kikundi kiamue waziwazi kama ni msaada au ni mkopo, na kiandike. Ada ilipwe moja kwa moja na mweka hazina, akiwa na mtahiniwa, risiti ikabaki kwenye faili. Tenga pia nauli ya siku za mtihani na chakula cha mchana. Tumeona watu wakilipa kila kitu wakakosa karatasi moja kwa sababu mvua ilinyesha na hakukuwa na pesa ya boda boda. Ukikosa karatasi moja ya lugha, somo zima limepotea.

Na mtu yeyote akija na habari kwamba ana karatasi za mtihani kwenye simu, kwa Telegram au kwa rafiki wa rafiki, asipewe hata shilingi. Nyingi ni bandia zinazouzwa kwa wasio na bahati, na zikiwa za kweli ni kosa la jinai chini ya sheria ya KNEC ya mwaka 2012, na matokeo hufutwa.

WALE WANAOTAKA KWENDA MAREKANI

Siku hizi kuna ombi jipya. Kijana amemaliza shahada, labda pale Masinde Muliro, anataka shahada ya pili Marekani. Amefanya mtihani unaoitwa GRE, amepata alama nzuri za hesabu na ndogo za lugha, na anaomba harambee ili arudie. Wazee wanashtuka: mtu mwenye shahada anarudia mtihani wa lugha?

Ndiyo, inawezekana, na si aibu. Sehemu ya lugha hupewa alama kati ya 130 na 170. Tangu Septemba 2023 mtihani ulifupishwa, na sehemu hiyo sasa ina maswali 27 kwa dakika 41. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na mara zisizozidi tano katika miezi kumi na miwili. Alama hudumu miaka mitano, na mtahiniwa huchagua ni matokeo ya siku gani yatumwe chuoni, kwa hiyo kurudia hakumwaibishi. Ada imekuwa dola 220 katika nchi nyingi, na hizo kwa kikundi chetu ni mtaji wa kuku wengi.

Basi maswali ni yale yale. Mlango gani? Vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai GRE tangu ugonjwa wa korona mwaka wa 2020. Kijana alete tangazo la idara yake, huenda hauhitajiki kabisa. Wapi aliangukia? Yale maswali ya zamani ya kutafuta kinyume cha neno yaliondolewa mwaka wa 2011. Siku hizi karibu nusu ni kusoma vifungu na kujibu, kwa hiyo kukariri kamusi hakutoshi. Amefanya mazoezi? Wenye mtihani, ETS, hutoa mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo. Aifanye pale saiba kwa saa halisi, alete alama. Zikiwa zimepanda kuliko za kwanza, changeni. Zikiwa pale pale, asubiri miezi mitatu asome. Siku 21 ni ruhusa ya kurudia, hazikusudiwi kuwa muda wa kujifunza lugha.

Wazee wetu wanakumbuka ndege za Tom Mboya kati ya 1959 na 1963, na jinsi familia na vijiji vilivyochanga ili mtoto asiende mikono mitupu. Moyo ule upo. Lakini mwaka wa 2023 majirani zetu wa Uasin Gishu waliandamana barabarani wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Kuomba karatasi na kuisoma si kumdharau mtoto wa mtu.

MUDA

Jambo la mwisho ni kalenda. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 waliingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024, nao watafanya KCSE mwaka wa 2027. Anayefikiria kurudia mtihani huu asijiambie "nitafanya siku moja watoto wakikua." Katibu aandike majina ya wanaotaka sasa, mapema, na kila mmoja alete slipu yake ya matokeo na tangazo la kozi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Katika kikundi chetu ni nani alirudia mtihani, na ni kitu gani kilimsaidia zaidi, pesa au nafasi ya kusoma?

Chukueni slipu moja ya matokeo (mwenyewe akikubali), mpige hesabu ya wastani kwa utaratibu wa zamani na wa sasa. Je, anahitaji kurudia? Yote au somo moja?

Mwanakikundi akipewa siku mbili kwa wiki za kusoma, zamu yake ya palizi itachukuliwa na nani, na nani ataenda kuzungumza na mama mkwe wake?